Mahindi ya Malisho na Kipimo cha Naitrojeni

Mfugaji wa nyanda za juu za Kenya anayepanda mahindi ya sileji (malisho ya kuchachushwa) hushauriwa vilevile kila msimu: mbolea ya DAP ya kupandia, kisha CAN ya kukuzia mahindi yakifika magotini, kizibo kimoja cha soda kwa kila shina. Haulizwi amepanda mbegu gani. Naona kosa linaanzia hapo.

Anayevuna nafaka akiacha mabua shambani, sehemu ya naitrojeni hurudi udongoni. Wa sileji husomba bua, jani, gunzi na punje. Ekari ikitoa tani 5 za malisho, kwa uzito mkavu, yenye protini ghafi asilimia 8, zimeondoka kilo 64 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una takribani kilo 13. Deni hilo ni karibu mifuko mitano, na samadi ikirudishwa shambani hulipa sehemu yake.

Lakini mbegu hazinywi naitrojeni kwa mwendo mmoja. Mbegu ya H614 ya Kitale huchukua siku 160 hadi 210 kukomaa. Katumani, iliyozalishwa kwa ajili ya maeneo makavu ya Ukambani, hukomaa kwa takribani miezi mitatu hadi minne. Mahindi hufyonza sehemu kubwa ya naitrojeni kati ya jani la sita au la nane na kutoa mbelewele. Kwa Katumani kipindi hicho ni majuma machache tu. Mbolea ikichelewa, huukuta mmea umeshaamua ukubwa wa hindi lake. H614 ina shida nyingine: ikipewa yote mapema, mvua za masika huishusha nitreti chini ya mizizi kabla haijahitajika. Mbolea yake igawiwe mara mbili.

Tofauti nyingine iko kwenye jani. Punje zinapojaa, mmea wenye njaa hunyang'anya majani yake ya chini: umanjano huanzia nchani na kufuata mshipa wa kati kwa umbo la V. Mbegu zinazobaki kijani hadi karibu na kukomaa huuchelewesha unyang'anyi huo, na mfugaji hupata siku zaidi za kukata. Hata hivyo, kijani kibichi si kipimo cha lishe. Nguvu ya sileji iko kwenye wanga wa punje, na naitrojeni inayozidi mahitaji haiongezi punje.

Katika maeneo makavu naitrojeni hiyo ya ziada inaweza hata kuua. Mvua ikikatika baada ya kukuzia, nitreti hurundikana sehemu ya chini ya bua. Tumboni mwa ng'ombe hugeuka naitraiti, damu hushindwa kubeba oksijeni na kuwa ya hudhurungi kama chokoleti. Kwa hiyo mwenye mbegu ya muda mfupi ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi na mfuko wa ziada. Mahindi yaliyokumbwa na ukame yasilishwe mabichi. Yashindiliwe shimoni, kwani uchachu hupunguza nitreti, na panga lipite sentimita 30 juu ya ardhi.