Lita Moja kwa Kibonge

Gathano ikishaingia Nyeri, friji haina kazi. Mwezi Julai niliyeyusha chokoleti nyeupe na krimu, nikaacha bakuli dirishani usiku kucha, na alfajiri mchanganyiko ulikuwa umeshika kama siagi. Nilikuwa natengeneza trafeli, vile vibonge laini vya chokoleti vilivyopewa jina la uyoga ghali unaochimbwa ardhini Ufaransa kwa sababu vinafanana nao. Vyangu nilivitia matunda damu niliyonunua soko la Karatina. Shosho alipita jikoni, akaonja kimoja, akakaa nacho mdomoni kwa muda.

"Haya ni maziwa," akasema. "Mbona unasema ni chokoleti?"

Nilicheka. Baadaye nikaenda kusoma, kumbe alikuwa amesema kweli.

Chokoleti nyeupe haina ule unga wa kakao wenye uchungu na rangi ya kahawia. Kilichomo kutoka kwa kakao ni mafuta yake tu. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni sukari na maziwa makavu. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mafuta ya kakao yasipungue asilimia 20, na maziwa makavu asilimia 14. Nestlé waliiuza Ulaya kuanzia 1936 kwa jina la Galak. Wenyewe husimulia kwamba ilitokana na maziwa yenye vitamini ya watoto: walitaka kuyageuza yawe kitu kigumu, wakayatia mafuta ya kakao. Yaani kitu tunachokula leo kama anasa kilianza na wasiwasi kuhusu afya ya mtoto.

Miaka hiyo hiyo, Waingereza walikuwa wanapima afya ya watu wa kwetu pia. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti uliowalinganisha Wamaasai, wenye kula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, wenye kula nafaka, viazi na kunde. Walisema Mmaasai ni mrefu na mzito kuliko Mkikuyu, na kwamba chakula ndicho kilicholeta tofauti. Wanahistoria wameukosoa sana utafiti huo, lakini wakati huo ulisikika mbali. Orr mwenyewe alikuja kuwa mkuu wa kwanza wa FAO, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa, ripoti inaweza kusema Mkikuyu anahitaji maziwa, lakini haimletei ng'ombe. KCC, kampuni iliyokuja kutawala soko la maziwa nchini, ilianzishwa Naivasha mwaka 1925 na walowezi, kwa ajili ya ng'ombe wa walowezi. Ni Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliofungulia ng'ombe wa gredi njia ya kuingia kwa wingi kwenye mashamba ya Waafrika. Na mpango huo ulikuja katikati ya Hali ya Hatari, wakati watu wa Nyeri walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Shosho alikuwa mtoto kwenye kijiji kimoja kama hicho. Ukimuuliza walikunywa nini, anakujibu: "Uji. Ukipatikana."

Yeye alipata ng'ombe wake wa gredi akiwa ameshaolewa. Ungedhani hapo watoto wake walikunywa wakashiba. Wapi! Maziwa ya asubuhi yalienda deri, ya jioni yaligawanywa kwa kipimo, na wageni wasipokuwepo chai ilikuwa turungi. Rais Moi alipoanza kugawa maziwa ya bure katika shule za msingi mwaka 1979, yale maziwa ya Nyayo, mama yangu alikuwa karibu kuanza shule. Anasema hayo ndiyo maziwa pekee aliyowahi kunywa utotoni bila mtu kuyahesabu. Ya nyumbani yalikuwa pesa.

Na pesa hizo ndizo zilizonilipia karo ya chuo kikuu kwa miaka miwili, kisha nikaacha masomo. Jambo hilo halijawahi kuzungumzwa mezani kwetu.

Ukitaka kujaribu vibonge hivi, anza kwa kusoma karatasi ya chokoleti. Ile ya bei rahisi inayouzwa kwa mabonge huwa na mafuta ya mawese mahali pa mafuta ya kakao. Ulimini utahisi nta. Kamua matunda damu sita, chuja mbegu, chemsha kwa moto mdogo hadi yawe mazito kama jamu. Usiharakishe hapa. Mara ya kwanza nilimwaga maji ya tunda moja kwa moja kwenye chokoleti iliyoyeyuka, ikajikunja ikawa mchanga, nikatupa yote. Katakata gramu 300 za chokoleti. Pasha mililita 60 za krimu hadi ianze kutoa povu pembeni, imwage juu, subiri dakika mbili, koroga. Tia vijiko vitatu vya matunda na kijiko cha siagi. Kikishashika, viringisha kwa mikono baridi, kisha vigaragaze kwenye maziwa ya unga. Pasheni na stroberi pia zinafaa, mradi uzipunguze maji kwa njia ile ile.

Nilikuwa napanga vibonge 12 kwenye kisanduku Shosho alipouliza bei.

"Mia sita," nikasema, nikijiandaa kuambiwa ni wizi.

Hakusema hivyo. Aliangalia risiti ya deri iliyobandikwa ukutani. Mwezi ule walikuwa wamemlipa 50 kwa lita. Akapiga hesabu kwa vidole, polepole, kama anavyofanya kila mwisho wa mwezi.

"Kwa hivyo kila kimoja ni lita."

"Ndiyo, Shosho."

Alinyoosha mkono, akatoa kimoja kisandukuni.

"Hiki niandikie," akasema. "Utakikata kwa ile karo."