Shule za Misheni Tanganyika: Zawadi na Deni

Katika historia ya Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara, shule iligusa maisha ya watu wengi kuliko kazi nyingine yoyote ya makanisa ya Kikristo, kwa kuwa hata mtu ambaye hakubatizwa kamwe alijikuta mbele au nyuma ya wenzake kutegemea kama kijiji chao kilipata shule ya misheni au kiliikosa. Misheni, kwa maana inayotumika hapa, ni kituo cha kueneza Ukristo ambacho kwa kawaida kilikuwa na kanisa, makazi ya mapadri au wachungaji, zahanati, shamba na shule, na shule ya misheni ni ile iliyoanzishwa na kusimamiwa na kituo cha namna hiyo. Shule hizo ziliwapa Watanganyika maandishi, ajira na sauti katika siasa, lakini pia ziligawa manufaa hayo bila ulinganifu kati ya mkoa na mkoa, dini na dini, wavulana na wasichana. Kwa hiyo, zawadi kubwa kuliko zote ambayo makanisa yaliitoa kwa nchi hii ilikuja pamoja na deni, na sehemu kubwa ya siasa ya elimu tangu uhuru imekuwa jitihada ya kulilipa.

Elimu yenyewe haikuanzishwa na wamisionari. Mwambaoni, karne nyingi kabla yao, watoto walisoma Kurani katika vyuo vya walimu wa Kiislamu, na Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu katika tenzi, barua na hati za biashara. Bara, vijana walifundwa katika jando na unyago, huku ufundi kama uhunzi na uganga ukirithishwa kwa kumfuata fundi na kufanya kazi chini yake. Kilichokuwa kigeni ni shule ya aina mpya, iliyotumia herufi za Kirumi, iliyogawa watoto katika madarasa na kuwapima kwa mitihani, na iliyokwenda sambamba na mafundisho ya ubatizo. Katika sehemu nyingi neno “kusoma” lilibeba maana zote mbili kwa pamoja, yaani kujua herufi na kuingia katika dini, na mchanganyiko huo ndio uliokuja kuzaa matatizo mengi ya baadaye.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Misheni ya Kianglikana iliyojulikana kama UMCA, iliyotokana na mwito wa mmisionari David Livingstone katika vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1857, ilihamia Unguja mwaka 1864 na kuanza na watoto waliotolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa, kisha ikajenga shule ya Kiungani iliyoandaa walimu na makasisi. Mapadri wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki kutoka Ufaransa, walianzisha kituo cha Bagamoyo mwaka 1868, ambako watoto waliokombolewa walisoma, walijifunza useremala na kilimo, na walipokua waliozwa na kupewa makao katika kijiji cha Kikristo kilichozungukwa na mashamba ya misheni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA alipeleka kundi la waliokombolewa hadi Masasi ili wawe kiini cha jumuiya mpya. Kwa watoto hao wasio na ukoo wa kuwatetea, misheni ilikuwa mzazi, mwalimu, mwajiri na mtawala kwa wakati mmoja, na mamlaka hiyo ilikuwa nzito hata pale ilipotumiwa kwa nia njema. Hata hivyo, katika kundi hilo la watu walionyang’anywa kila kitu ndimo walimotoka viongozi wa kwanza Waafrika wa kanisa, akiwamo Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri katika UMCA mwaka 1890.

Shule ilihitaji lugha, na hapo kazi ya makanisa ilizidi mipaka ya dini. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya msamiati wa Kiswahili uliochapishwa katika kamusi mwaka 1882, na Steere alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1870 kwa kufuata lahaja ya Kiunguja, ambayo baadaye ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kiungani kulichapishwa gazeti la Msimulizi kuanzia mwaka 1888, ambamo Waafrika waliosoma shuleni hapo waliandika habari za vituo vyao kwa lugha yao. Makanisa, hata hivyo, hayakukubaliana juu ya jambo hili. Baadhi ya Walutheri kutoka Ujerumani waliiona lugha hiyo kuwa imelelewa na Uislamu, wakapendelea lugha za makabila, na Bruno Gutmann, aliyefanya kazi kwa Wachaga kuanzia mwaka 1902, aliamini kwamba kanisa linapaswa kuota katika ukoo na lugha ya mama. Mwelekeo huo ulihifadhi maarifa mengi ya makabila, lakini ni Kiswahili kilichokuja kuwapa watu wa nchi nzima ukumbi mmoja wa kuzungumzia mambo yao.

Shule zilipoenea bara, hazikufuata mahitaji ya wananchi. Zilifuata njia za wamisionari, hali ya hewa na ushindani wa madhehebu. Wakatoliki walianza Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika mlima huohuo mwaka 1893. Wamoravian walijenga Rungwe mwaka 1891, na Wabenedikto wakajenga Peramiho mwaka 1898, huku shirika la Kikatoliki la Wamisionari wa Afrika likifanya kazi Bukoba na kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nyanda za juu zilivutia kwa sababu zilikuwa na baridi, maji na watu wengi waliokaa karibukaribu. Pale ambapo madhehebu mawili yalikutana, kila moja lilihofia kuachia kijiji kwa jingine, na njia rahisi ya kukishika kijiji ilikuwa kuweka mwalimu. Watawala wa jadi nao waliuelewa mchezo huo mapema na wakautumia kupata walimu na ufundi kwa ajili ya watu wao.

Mwalimu huyo kwa kawaida hakuwa Mzungu. Alikuwa katekista, yaani Mkristo mwenyeji aliyefundishwa kwa muda mfupi na kutumwa kijijini kufundisha dini, kusoma, kuandika na hesabu kidogo, chini ya paa la nyasi na kwa ujira mdogo sana. Shule hizo ziliitwa za vichakani, jina linaloonyesha dharau ya waliozitazama kwa mbali, lakini ndizo zilizobeba wingi wa wanafunzi. Kufikia mwaka 1914 shule za serikali ya kikoloni ya Kijerumani hazikufika 100, ilhali za misheni zilizidi 1,800. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, walimu na wazee wa kanisa Waafrika waliendelea kukusanya waumini na wanafunzi bila msaada wa nje, na huko Rubya, Bukoba, mapadri wa kwanza Wakatoliki wenyeji walipewa daraja mwaka 1917, katikati ya vita hivyo. Kanisa lilithibitika hapo kuwa na mizizi iliyoweza kuishi bila mpandaji.

Baada ya vita hivyo, utawala wa Kiingereza ulichukua nafasi ya ule wa Kijerumani na kubadili uhusiano kati ya kanisa na dola. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes, iliyofadhiliwa na mfuko wa Kimarekani, kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, serikali iliamua kushirikiana na misheni badala ya kujenga mfumo wake wote yenyewe, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku, yaani fedha za umma kwa shule ya misheni iliyokubali mtaala, ukaguzi na walimu wenye vyeti. Mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Papa, aliwahimiza wamisionari Wakatoliki waliokutana Dar es Salaam kuitanguliza shule hata mbele ya jengo la kanisa pale ambapo nguvu hazikutosha kwa yote mawili. Kwa utaratibu huo misheni ilipata fedha na serikali ikapata makarani na walimu kwa gharama nafuu. Shule za vichakani, ambazo ndizo zilizowafikia maskini, ziliachwa nje ya ruzuku, na kodi iliyotolewa na watu wa dini zote ikawa sehemu ya fedha za kuendeshea shule za dini moja.

Matokeo yake yalionekana wazi. Kilimanjaro na Bukoba, ambako kahawa iliwapa wazazi fedha na madhehebu yalishindana, vijana wengi walifika madarasa ya juu, huku mikoa mikavu ya katikati na sehemu kubwa ya pwani ikibaki nyuma. Wazazi Waislamu walikuwa na sababu ya kweli ya kuhofia shule ambayo mtoto angerudi kutoka humo na jina jipya na dini mpya, na walipojitahidi kujenga shule zao, kama ilivyofanya Al-Jamiatul Islamiyya iliyoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1930, walifanya hivyo bila mtandao wa misaada kutoka Ulaya. Watawa wa kike waliwafungulia wasichana mlango ambao serikali ilikuwa haijaufungua, lakini masomo mengi yaliwaandaa kuwa wake wa walimu na makatekista kabla ya kuwaandaa kuwa viongozi. Tofauti hizi hazikuwa mpango wa mtu mmoja, bali zilitokana na maamuzi mengi madogo yaliyojali kwanza ustawi wa dhehebu.

Hata hivyo, aliyefundishwa kusoma katekisimu hakuzuiwa kusoma gazeti wala kuandika malalamiko. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, alianzisha Tanga mwaka 1922 chama cha watumishi wa serikali Waafrika, kilichokuwa miongoni mwa vyama vya mwanzo vya Waafrika nchini. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi, alipata sekondari katika shule ya serikali ya Tabora, lakini alifundisha shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha Mtakatifu Fransisko, Pugu, ambako mwaka 1955 aliacha kazi ili aitumikie TANU, chama kilichopigania uhuru. Wamisionari wengi waliitazama siasa kwa tahadhari, na ingekuwa kosa kudai kwamba makanisa ndiyo yaliyoleta uhuru, kwa kuwa TANU ilisimama kwa nguvu za wanawake wa mijini, wafanyabiashara wadogo, wakulima na Waislamu wengi wa pwani ambao hawakuwahi kuingia darasa la misheni. Lakini siku uhuru ulipofika mwaka 1961, nafasi za utawala zilihitaji vyeti, na vyeti vingi vilikuwa mikononi mwa Wakristo. Waliobeba mzigo wa mapambano hawakuwa sikuzote waliokalia viti vya ofisi, na hapo deni la shule za misheni likawa suala la kitaifa.

Serikali ililikabili kwa hatua kubwa. Baada ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizopokea ruzuku chini ya umiliki na usimamizi wa serikali, ili nafasi zigawiwe bila kujali dini. Pugu, Minaki, Ilboru na Ndanda zikawa shule za umma, na Mtakatifu Maria ya Tabora ikaitwa Milambo. Hatua hiyo ilichukuliwa chini ya rais aliyekuwa Mkatoliki mcha Mungu, jambo lililoipa uzito wa kimaadili, na mwaka 1970, alipohutubia mkutano wa masista wa Maryknoll huko New York, Nyerere alisisitiza kwamba kanisa lisiloshiriki kupinga umaskini na dhuluma litapoteza maana yake kwa watu. Makanisa yalipoteza majengo yaliyojengwa kwa sadaka za vizazi, na uchungu huo ulikuwa wa haki, lakini hayakuligeuza jambo hilo kuwa vita na dola. Seminari, yaani shule za kuandaa mapadri na wachungaji, ziliachwa mikononi mwao.

Miaka ya shida ya uchumi ilirudisha swali lilelile kwa sura mpya. Serikali iliposhindwa kugharimia huduma zote, ilitia saini mwaka 1992 Hati ya Makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, inayounganisha makanisa ya Kiprotestanti, ili kuyasaidia makanisa kuendesha shule na hospitali. Shule za makanisa ziliongezeka tena, na vyuo vikuu vikafuata, kama Mtakatifu Augustino cha Mwanza na Tumaini cha Walutheri. Waislamu wengi waliona katika hati hiyo kivuli cha ruzuku ya mwaka 1927, na malalamiko yao hayawezi kupuuzwa kwa kusema kwamba hospitali za makanisa hutibu watu wote, ingawa kusema hivyo ni kweli.

Katika vijiji vingi, jina “mwalimu” lilikuwa la katekista wa shule ya nyasi kabla halijawa jina la heshima la rais wa kwanza. Katekista huyo alifundisha kwa ujira usiomtosha, mahali ambapo karo ilikuwa kuku au kazi ya shambani. Sasa ambapo shule nyingi bora za makanisa zinatoza ada ambayo mkulima hawezi kuimudu, deni la zamani linachukua sura ya tabaka badala ya sura ya dini na mkoa. Makanisa yatakapopima utumishi wao katika elimu, kipimo cha haki kitakuwa idadi ya watoto wa maskini walioketi katika madarasa yao, kwa kuwa hao ndio walioifanya shule ya misheni istahili kukumbukwa kwa shukrani.