Almasi Ndani ya Uzio, Baraza Nje: Kishapu Ikitazamwa Kutoka Maganzo

Anayesafiri kwa barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza huijua Maganzo kwa almasi. Hapa ndipo njia ya kuingilia mgodi wa Mwadui inapochepuka, na hapa madalali, wachekechaji na wauza mitumba wamekaa pamoja tangu zamani. Historia ya mawe hayo imeandikwa mara nyingi. Historia ya nani alikusanya kodi katika ardhi hii, na nani aliamua zahanati ijengwe wapi, imeandikwa kidogo mno. Hiyo ndiyo historia ya serikali za mitaa, na kwa mkulima wa pamba wa Kishapu, wilaya iliyo na Maganzo, ina uzito kuliko rangi ya jiwe lolote.

Kabla ya ukoloni Usukuma, ambako Kishapu imo, haukuwa na mtawala mmoja. Ulikuwa na tawala nyingi, kila moja na mtemi wake, chini yake wanang'wa katika vijiji, na kando yake wazee waliokuwa na uwezo wa kumkalisha mtemi kitini na hata kumwondoa. Waingereza walipokuja waliukuta mpango huo, wakauchukua, wakaugeuza. Kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, mtemi akawa mtumishi wa serikali: ana mshahara, ana mahakama, ana hazina, na kazi yake ya kwanza ni kodi. Wazee waliompa utemi wakabaki pembeni. Shinyanga ilitoa mtu aliyefika mbali kwa njia hiyo, David Kidaha Makwaia, Mtemi wa Usiha. Mwaka 1945 yeye na Abdiel Shangali wa Machame waliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wakiwa Waafrika wa kwanza.

Wakati huo almasi ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Thorburn Williamson, aliigundua Mwadui, katika mwamba wenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, miongoni mwa miamba mikubwa ya almasi duniani. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, naye Williamson akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Kila mtu anaikumbuka zawadi hiyo. Mimi nakumbuka zaidi uzio wa mgodi. Ndani yake kampuni iliendesha mji mzima, wenye nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Nje yake palikuwa na hazina ya mtemi, ikitegemea kodi ya watu na ng'ombe. Serikali mbili zilikaa jirani, moja haina kauli juu ya nyingine, na Maganzo ilikua mlangoni mwa ile tajiri.

Swali la nani aketi barazani liliwaka kwanza upande wa Geita, wilaya nyingine ya Usukuma. Mwishoni mwa mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikataa kuandikisha matawi ya TANU, chama kilichodai uhuru, katika Usukuma, na marufuku hiyo ikadumu hadi mwaka 1958. Katika kipindi hicho hicho ikaleta mpango wa mabaraza ya wilaya ya mseto, yaani Waafrika, Wazungu na Waasia waketi pamoja, na Geita ikachaguliwa kuwa ya kwanza Usukuma. Katika wilaya ile Wazungu na Waasia walikuwa wachache sana. Watu hawakulitaka baraza hilo. Mwaka 1958 wakafunga safari hadi Mwanza, makao makuu ya Jimbo la Ziwa, wakakaa huko wakidai wasikilizwe, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hata hivyo mpango ndio uliovunjika. Kwa maoni yangu hilo ni moja ya matukio makubwa ya kupigania Uhuru, na vitabu vya shule vinalipa nafasi ndogo: wakulima walikataa baraza walilopangiwa bila kuulizwa.

Uhuru ulikuja, utemi ukafutwa kisheria mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikashika nafasi. Hazikudumu. Mwaka 1972, kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, serikali ilizivunja na kuwapa watumishi wa serikali kuu kazi za halmashauri hizo. Miaka iliyofuata vijiji vilihamishwa na kupangwa upya bila kuwapo diwani wa kuhoji.

Pengo lile lilizibwa na wananchi wenyewe. Miaka ya 1981 na 1982, wizi wa ng'ombe uliposhindikana kuzuiwa, wanavijiji wa mpakani mwa Kahama na Nzega waliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu, na muda si mrefu Usukuma wote ukawa nao. Sungusungu walifanya makosa, mengine ya kutisha. Lakini sidhani ni bahati tu kwamba walizuka katika miaka ambayo mwananchi hakuwa na halmashauri ya kupelekea shida yake.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ilizirudisha halmashauri, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwadui, Maganzo na Mhunze zilikuwa Shinyanga Vijijini hadi mwaka 2002, Kishapu ilipokuwa wilaya, makao makuu Mhunze. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 240,086. Ya mwaka 2012, watu 272,990.

Sasa tazama fedha. Mrabaha wa almasi huenda Hazina. Halmashauri hupata ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, pamoja na ushuru wa mazao kama pamba. Hata hiyo sehemu ndogo haikuwa salama kila mahali: migodi mikubwa ya dhahabu ilisaini mikataba iliyoweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka kwa malipo ya halmashauri, dhahabu itoke nyingi au kidogo. Ilichukua miaka ya kudai kuachana na kikomo hicho.

Marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yalileta badiliko ninaloliona kubwa. Kampuni inatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, ikubaliane na halmashauri juu yake, na baraza la madiwani liupitishe. Maana yake diwani wa Maganzo au wa Mwadui Luhumbo ana karatasi mezani, ana haki ya kuuliza kwa nini darasa hili na si kisima kile, na kura yake inahesabiwa. Mtemi wa mwaka 1940 hakuwa na karatasi hiyo.

Lakini karatasi haikuondoa machungu. Wabeshi, vijana wanaoingia mgodini kusaka mchanga wa kuchekecha, waliumizwa na wengine kufa. Mei 2021 Petra Diamonds, iliyokuwa na hisa nyingi za mgodi, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71, zikiwemo gharama za mawakili na miradi ya jamii. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya Ng'wang'holo na Nyenze. Siku kama hizo wa kwanza kugongewa mlango ni mwenyekiti wa kijiji na mtendaji.

Wao na madiwani ndio wenye kumbukumbu ninazozitaka. Madiwani wa mabaraza ya kwanza baada ya mwaka 1984 sasa ni wazee, na baadhi wametutoka. Ombi langu kwa Halmashauri ya Kishapu na jirani zake: mihtasari ya vikao iliyomo masjala ipangwe na kutunzwa, na wazee hao warekodiwe wakiwa hai.