Wapiga picha wa usiku: kutoka Bamako na Kinshasa hadi albamu za nyumbani

Haya wadau, nimerudi! Najua nimekuwa kimya, ila testi zilifuatana kama daladala za jioni. Bumu nalo halijatoka, kwa hiyo ile safari ya Bagamoyo ya kupiga picha bado ipo ipo kwanza. Angalau Jumamosi nilikwenda kusikiliza bendi ya dansi, laivu kabisa, kamera begani. Nimerudi na picha zaidi ya mia tatu, na watu kibao wameniuliza swali moja tu: "Utanirushia lini?"

Swali hilo lina historia yake, jamani, na ndiyo nataka tuiongee leo. Wale wa idara ya historia mnivumilie.

Kuna jamaa anaitwa Malick Sidibé, wa Mali, aliyefariki mwaka 2016. Alizaliwa kijiji cha Soloba, akaja Bamako kusomea uchoraji na ufundi wa mikono, akaajiriwa na mpiga picha Mfaransa, na mwaka 1956 akapata kamera yake ya kwanza, Brownie Flash. Baadaye akafungua studio yake, Studio Malick, mtaa wa Bagadadji. Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na vijana wa Bamako walikuwa wamechachamaa na twist, rock na muziki wa Kikyuba. Kila kikundi kilikuwa na klabu yake, na klabu nyingi zilijiita majina ya wanamuziki waliowahusudu. Jumamosi ikifika, Sidibé anazunguka na kamera yake nyepesi na flashi, sherehe moja hadi nyingine, mpaka alfajiri.

Sasa sikilizeni alivyofanya biashara. Akitoka kwenye sherehe anarudi studio kusafisha mikanda. Anachapa picha ndogo ndogo, anazipa namba, anazibandika kwenye karatasi ngumu, juu anaandika jina la klabu na tarehe. Halafu anazitundika nje ya studio. Vijana wanakuja kujitafuta, wanachekana, wanaagiza nakala kwa namba. Yaani "utanirushia lini" ya miaka ya sitini ilijibiwa kwa karatasi ukutani!

Nia ilikuwa oda zisichanganyike tu. Lakini karatasi zile ndizo zinatuambia leo nani walicheza, wapi na usiku gani. Picha yake maarufu kuliko zote ni ya Krismasi ya mwaka 1963, pale Happy Club: kijana kavaa suti, binti yuko peku, wanacheza vichwa vikikaribiana, wote wanaangalia chini miguu inavyokwenda. Kumbuka tunajua klabu na tunajua usiku wenyewe. Mwaka 2003 Sidibé akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Hasselblad, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu kule Venice, mpiga picha wa kwanza kabisa kupata heshima ile.

Kumbuka pia kwamba serikali ya Modibo Keïta ilikuwa ya kijamaa, na wakubwa hawakufurahia vijana kukesha na muziki wa nje. Hapa kwetu je? Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana. Ukisoma magazeti ya wakati ule unapata hotuba na barua za wasomaji waliobishana. Lakini je, wale mabinti wenyewe walionekanaje Jumamosi usiku? Hilo hotuba haiwezi kukuonyesha.

Twende Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, maana huko ndiko ulikotoka muziki ambao wazee wetu hapa Dar waliucheza mpaka soli zikaisha. Jean Depara, mzaliwa wa Angola wa mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apige picha za harusi yake. Alikuwa fundi wa baiskeli na saa, picha alipiga pembeni. Mwaka 1954 Franco akamchukua awe mpiga picha wake, miaka miwili kabla OK Jazz haijaanzishwa. Depara akaingia kila baa: wanamuziki, warembo, na wale vijana walioitwa Bills, waliovaa na kutembea kama makauboi wa sinema. Tunazisikia rekodi za enzi hiyo mpaka leo, lakini Depara ndiye anayetuonyesha waliokuwa wanazicheza.

Upande wa pili unauma. Mwaka 1991 kulikuwa na maonyesho ya sanaa ya Afrika New York. Zikawekwa picha safi ajabu za watu wa Bamako za miaka ya hamsini, na penye jina la mpiga picha pakaandikwa kwamba hajulikani. Mwenyewe, Seydou Keïta, alikuwa hai, yuko Bamako! Mtaa mzima unamjua. Baadaye alitafutwa na kupatikana, na mwaka 1994 akapata maonyesho yake mwenyewe Paris. Alifariki mwaka 2001. Je, angekuwa amekufa mwaka 1980? Nadhani "hajulikani" ingebaki vile vile.

Ndiyo maana nasema, wadau, kazi haiishii kwenye kupiga picha. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 na mwanawe Rohit akaiendeleza, kwa hiyo jina lipo. Lakini studio ngapi za Tanga, Mwanza na Kigoma zimefungwa, na mikanda ikaishia kwenye jalala? Kwenye albamu za nyumbani kuna shangazi na afro yake, mjomba na pekosi na raizoni, nyuma yao bendi iko jukwaani. Bendi gani? Ukumbi gani? Mwaka gani? Geuza picha: nyuma peupe. Na wanaojua wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Likizo hii ukifika nyumbani, itoe ile albamu, keti na bibi au babu, na umuulize picha moja moja. Andika nyuma kwa penseli, kalamu ya wino inaharibu. Jina, mahali, mwaka, na mpiga picha kama anakumbukwa. Na hizi za simu, usiziache zikiitwa kwa namba tu, zipe jina.

Za Jumamosi nimeshazipanga: bendi, ukumbi, tarehe. Mlioomba, mtazipata kesho jioni nikipata bando. Haya, narudi kwenye vitini. Tuko pamoja!