Mvua ya mawe na hatari zake kwa waendeshaji baiskeli Kisii na Nyamira

Theluji haianguki katika kaunti za Kisii na Nyamira. Weupe unaotanda ghafla juu ya mashamba ya majani chai na barabara za huko ni mvua ya mawe, na mwendesha baiskeli anayeidhania kuwa theluji hujitia hatarini.

Theluji ni chembe nyepesi za barafu ambazo hudumu ardhini penye baridi kali pekee, kama vile kwenye vilele vya Mlima Kenya. Mawe ya mvua ni vidonge vigumu. Hutokea wakati upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria unapokutana na ule wa mashariki juu ya nyanda za juu na kupaa kwa kasi. Matone huganda angani, huongezeka unene, kisha huanguka, aghalabu alasiri. Kericho, inayopakana na Nyamira, hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopata mvua hiyo mara nyingi zaidi duniani.

Hata wenyeji hukanganyikiwa. Mnamo Septemba 2008, wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, waliona ardhi imefunikwa na barafu wakadhani ni theluji. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa yalikuwa mawe ya mvua yaliyoshikamana.

Tairi pana

Nchini Marekani na Kanada, wapenzi wa baiskeli hupita thelujini kwa tairi zenye upana wa inchi nne hivi. Kampuni ya Surly ilianza kuuza baiskeli ya aina hiyo, Pugsley, mwaka 2005. Tairi hizo hutiwa upepo kidogo, mara nyingi chini ya paundi 10 kwa inchi ya mraba, ili uzito usambae. Ndivyo wayo mpana unavyomzuia ngamia kuzama mchangani.

Baiskeli ya kawaida inayobeba ndizi au majani chai ina tairi nyembamba iliyojazwa upepo, ambayo hukata tope. Hata hivyo, tairi pana si kinga kamili. Juu ya barafu ngumu nayo huteleza, ndiyo maana waendeshaji wa nchi za baridi hutumia tairi zenye misumari midogo.

Hatari tatu

Mawe yanapoanguka huviringika chini ya gurudumu mithili ya punje za mahindi juu ya sakafu. Yakishakanyagwa, hugeuka utando unaoteleza. Yakiyeyuka, udongo mwekundu huwa tope linaloganda kati ya tairi na madigadi. Kwa hivyo, jua kurejea si ishara kwamba barabara ni salama.

Mawe yaanzapo, mwendeshaji anashauriwa kujikinga ndani ya jengo wala si chini ya mti, kwani radi huandamana nayo. Baadaye, ni heri ashuke na kuisukuma baiskeli mteremkoni. Breki zinazobana rimu hupoteza nguvu zikilowa, na kufunga ya mbele kwa ghafla huangusha. Kupunguza upepo kidogo husaidia topeni, lakini si baiskeli ikiwa na mzigo, kwani rimu huweza kutoboa tyubu.

Majani chai hutakiwa kufikishwa viwandani, kama vile Kebirigo na Nyansiongo, yakiwa mabichi, na haraka hiyo ndiyo huwaponza wengi. Waswahili hawakukosea: haraka haraka haina baraka.