Futuhi ya Mapenzi na Macho ya Wahakiki: Historia Fupi ya Mapokezi ya The Best Man

Wanafunzi wetu wa fasihi wamezoea kusoma uhakiki kana kwamba ni hukumu ya mwisho juu ya kazi. Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba uhakiki nao una historia yake, na kwamba lugha ya mhakiki inastahili kuchunguzwa sawasawa na lugha ya mwandishi. Mfano wetu hautoki katika riwaya wala tamthilia ya Kiswahili, bali katika filamu ya Kimarekani, The Best Man, iliyotolewa mwezi Oktoba 1999.

Filamu hiyo iliandikwa na kuongozwa na Malcolm D. Lee. Binamu yake, Spike Lee, alikuwa mmoja wa watayarishaji. Kisa chenyewe si kigumu. Harper, mwandishi kijana wa Chicago, anakwenda New York kuwa mpambe katika harusi ya rafiki yake Lance, mchezaji maarufu wa kandanda ya Kimarekani. Riwaya ya kwanza ya Harper iko karibu kutoka. Ndani yake amewachora marafiki zake wa chuo kikuu kwa majina mengine, pamoja na siri ya usiku mmoja aliolala na Mia, ambaye sasa ndiye bibi harusi. Nakala moja inaanza kupita mikononi mwa marafiki hao, na kila aisomaye anajiona humo. Hii ni futuhi ya mapenzi yenye wahusika wengi wa uzito unaokaribiana: mwandishi, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, mchezaji, mpishi, mpiga gitaa. Wahusika hawa wote ni weusi.

Ili tuyaelewe mapokezi yake, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1991 John Singleton alitoa Boyz n the Hood, na mwaka 1993 ikafuata Menace II Society ya ndugu wawili Hughes. Zote mbili zinahusu vijana wa mitaa ya kimaskini ya Los Angeles, na zilistahili sifa zilizopata. Hata hivyo, mafanikio yake yaliwafanya wengi wadhani kwamba maisha halisi ya Mmarekani mweusi ni yale ya bunduki tu. Boomerang ilipotoka mwaka 1992, Eddie Murphy akiigiza ofisa wa matangazo ya biashara mjini New York, wako wahakiki walioona kwamba ulimwengu wa ofisi iliyojaa weusi hauaminiki. Waiting to Exhale ya mwaka 1995, iliyotokana na riwaya ya Terry McMillan, ilithibitisha kwamba watazamaji wapo, kwani iliingiza zaidi ya dola milioni 60 nchini Marekani. Love Jones ya mwaka 1997 ilipata tuzo ya watazamaji katika tamasha la Sundance, lakini mapato yake sinemani yalikuwa madogo.

Hapa lipo jambo dogo linalosema mengi. Morris Chestnut na Nia Long, waigizaji wakuu wa The Best Man, walikuwamo wote wawili katika Boyz n the Hood. Humo Chestnut ni kijana mcheza kandanda anayepigwa risasi kabla hajaingia chuo kikuu. Miaka 8 baadaye ndiye Lance, mchezaji aliyemaliza chuo, akatajirika, na sasa anaoa. Aliyeziona zote mbili huona kama kwamba kijana yule amerudishiwa maisha aliyonyang'anywa.

The Best Man iligharimu takriban dola milioni 9. Ilishika nafasi ya kwanza mwishoni mwa juma la kwanza, na hatimaye ikaingiza takriban dola milioni 34 Marekani. Wahakiki wengi waliipokea vizuri, wakasifu uigizaji wa kundi zima, hasa Terrence Howard katika nafasi ya Quentin. Lawama nazo hazikukosekana. Nzito zaidi ilihusu wanawake: Lance ana wanawake wengi na anasamehewa, ilhali kosa moja la Mia linakaribia kuvunja harusi. Huo ni uhakiki wa dhati, kwa sababu unahoji mantiki ya kisa chenyewe.

Kuna sifa za namna nyingine, nazo ndizo zinazotutia shaka. Filamu ilisifiwa pia kwa kile kisichokuwamo: haina magenge, haina dawa za kulevya. Sifa ya aina hiyo huonekana ya heshima, lakini inaipima kazi kwa kipimo cha kazi nyingine. Mwaka 2013 ilipotoka The Best Man Holiday, ikaingiza takriban dola milioni 30 katika siku tatu za mwanzo, gazeti moja kubwa liliitaja katika kichwa cha habari kuwa miongoni mwa filamu zenye mada ya rangi. Wasomaji walilalamika, na kichwa kikabadilishwa. Filamu yenyewe ilihusu urafiki, Krismasi, maradhi na kifo. Rangi ilikuwa ya waigizaji, si mada.

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani tunalijua jambo hili. Mwanafunzi wetu akiandika hadithi ya harusi ya mjini, mara nyingi husifiwa kwanza kwa kuwa ameweza Kiswahili ingawa anatoka huku. Msuko, wahusika na lugha yake hubaki bila kuguswa, na yeye hajui arekebishe nini. Hivyo basi, tunawashauri walimu wenzetu wawape wanafunzi tahakiki mbili au tatu za kazi moja, na kuwauliza swali hili: ni sentensi zipi zinazoizungumzia kazi, na ni zipi zinazomzungumzia mtu aliyetarajiwa kuiandika?