Pasipo Jeraha Haina Maana Hapana Kosa

Leo tutatazama nyuma kidogo tuone jinsi madaktari walivyojifunza kumchunguza mtu aliyebakwa.

Mwaka 1857, daktari Mfaransa Ambroise Tardieu alichapisha kitabu kuhusu dhuluma za kimapenzi, zikiwemo nyingi walizotendewa watoto. Enzi hizo daktari alitegemea zaidi macho yake. Watu wakazoea kusema: pasipo jeraha, hapana kosa.

Miaka ya 1920, Hans Hinselmann wa Ujerumani alitengeneza kolposkopu, kifaa chenye taa na lenzi za kukuza, ili kutafuta saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 1981, Wilmes Teixeira wa Brazili alieleza jinsi kifaa hicho kinavyoonyesha majeraha madogo ya kizinda. Miaka hiyo hiyo madaktari wa Marekani walitumia rangi ya buluu ya toluidini. Rangi hii hupakwa kisha hupanguswa. Ngozi nzima haiishiki, lakini penye mchubuko hubaki.

Hata hivyo, ujuzi ulipoongezeka ulifunza jambo lingine. Mwaka 2004, utafiti wa Marekani ulieleza uchunguzi wa wasichana 36 wajawazito. Mimba ilikuwa ushahidi wa tendo lenyewe, lakini ni 2 tu waliokuwa na alama dhahiri. Kwa nini? Sehemu hizo hunyumbulika, na majeraha yake hupona kwa siku chache. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kupima ubikira hakuna msingi wa kisayansi.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006. Aidha, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, huruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya aliyedhulumiwa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Basi mama, mtoto akikueleza, msikilize. Usimkague mwenyewe, wala usikubali jirani akuambie, "Hana jeraha, tuyamalize nyumbani." Usimwogeshe wala kufua nguo zake, zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Mfikishe hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia Ukimwi. Hakikisha daktari amejaza fomu ya PRC, na polisi wakupe P3. Saa hizo zikipita, mpeleke vilevile: bado anahitaji matibabu, na neno lake bado ni ushahidi.